Jeli ya Utumbo wa Mbuzi

Sanduku lilipowekwa mezani pale maabara lilikuwa linavuja maji, na Pilipili akajua kabla hajalifungua kwamba mambo yameharibika. Jeli ile ya kuagiza ng'ambo, ya kukuzia chembe za mwili, ina tabia za kinyumenyume: ikiwa baridi ni majimaji, ikipata joto inaganda, na ikishaganda hairudi tena. Barafu ilikuwa imeyeyuka njiani. Ndani ya vichupa jeli yote ilikuwa imeshikana kama ute wa yai lililochemshwa.

Na chembe za utumbo wa mjomba wake zilikuwa pale pembeni, kwenye bakuli la barafu, zikisubiri.

Mjomba alikuwa fundi viatu. Utumbo wake ulijaa vidonda visivyopona, na daktari alikuwa na dawa mbili, zote kali, mwili wake ukiweza kuhimili moja tu. Ndiyo maana walimnyofoa kipande kidogo: maabara ikuze vitumbo vidogo kama punje za mtama, dawa zijaribiwe humo kwanza. Daktari aliapa hatampitishia mpira tumboni tena kunyofoa kingine, ukuta wa utumbo umebaki mwembamba mno. Mjomba mwenyewe alicheka tu. "Mpwa wangu, hicho kitumbo changu cha pili mkilishe vizuri, ila kisinizidi kula."

"Tupa," alisema Profesa, mkuu wa maabara. "Tutaagiza nyingine."

"Na chembe?"

"Zitakufa leo hii. Bila jeli hazina pa kujishikiza. Kazi yetu ndivyo ilivyo, binti."

"Jeli ipo."

Alifungua friji akatoa chupa yake. Kwa miezi alikuwa akichukua matumbo ya mbuzi buchani, akiyaosha kwa sabuni mpaka chembe zote za mbuzi zitoke ubaki wavu mweupe tu, kisha anaukausha, anausaga, anauyeyusha kwa asidi. Wenzake hawakumwacha apumue. "Pilipili, supu imeiva?" Naye huwajibu kwamba kwa midomo yao hawataionja.

"Hii ni maabara," alisema Profesa, "si bucha."

"Hiyo unayoagiza inatoka kwenye uvimbe wa panya, Profesa. Panya wa ng'ambo ana heshima gani asiyokuwa nayo mbuzi wa hapa?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Ikishindikana, jina langu halimo," alisema Profesa.

"Halijawahi kuwamo."

Alichanganya nusu ya chembe na jeli yake juu ya barafu, akadondosha matone kwenye kisahani, akakiweka kwenye kabati la joto. Baada ya muda ule ule wa siku zote akakipindua juu chini, kama anavyofanya kila mtu wa kazi hii, ili chembe zisizame na kugusa plastiki.

Matone yakateleza yote, yakatapakaa kwenye kifuniko.

Alisimama akiyatazama. Jeli ya mbuzi ni mvivu wa kuganda. Yeye ndiye aliyeipika, yeye ndiye aliyelijua hilo kuliko wote. Lakini mikono ilikuwa imezoea panya. Nusu ya mjomba ilikuwa imemwagika.

"Nilisema," alisema Profesa.

"Umesema. Sasa nipishe."

Safari hii hakupindua. Alitandika kwanza jeli tupu chini, kama godoro, akaiacha ishike kwa wakati wake. Juu yake ndipo akadondosha zile chembe zilizobaki. Akafunga kabati la joto, akauegemeza mgongo wake mlangoni, na aliyetaka kufungua alitazamwa kwa jicho lililomrudisha alikotoka.

Jioni mjomba alipiga simu. "Mimi mwingine anaendeleaje?"

"Nusu yako nimeimwaga, mjomba."

"Nusu ipi?"

Pilipili alicheka huku machozi yanamtoka.

"Sikiliza, mama," mjomba alisema. "Mimi nikikosea kukata ngozi, kisu simkabidhi mtu mwingine. Endelea."

Siku zilipita, na kila asubuhi alitangulia kwenye darubini kabla hajavua hata mkoba. Mwanzoni aliona vidoa vyeusi, vingine vimesinyaa. Kisha, mahali pamoja, kipovu kimoja chenye ukuta unaong'aa. Kisha vingi, na vingine vikianza kuchomoza vichipukizi ubavuni, kama utumbo unavyofanya ukiwa hai na una nia ya kubaki hai.

Profesa aliinamia darubini muda mrefu. Alipoinuka sauti yake ilikuwa laini.

"Wageni wakija kukagua kazi yetu tutasema ni jeli ya kuagiza. Tukiwatajia mbuzi hawatatuamini."

"Basi wasituamini."

"Binti, nakuelekeza tu."

"Nimeelekezeka vya kutosha. Nilielekezwa niziache chembe zife."

Alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya kifuniko, herufi kubwa za kusomeka kutoka mlangoni: JELI YA UTUMBO WA MBUZI. Kisha, Profesa bado amesimama pale, akampigia daktari simu.

"Leta dawa zako," alisema. "Zote mbili. Leo."