Ukurasa wa Mbuzi

"Mupeni Raihana kitu chochote," Régis aliwaambia wenzake ofisini, kikombe cha kahawa mkononi kama maikrofoni. "Gazeti, karatasi ya daktari, chochote! Mutoto anateleza tu. Mi nimemufundisha Jumamosi chache, na sasa anawashinda nyinyi wote."

Wenzake wa kampuni ya bima wakacheka. Madamu Danielle, mkuu wa wafanyakazi, hakucheka. "Vizuri. Jumamosi hii nakuja mtaani Buyenzi nimusikilize. Akisoma, kampuni itamuombea nafasi ya darasa la tatu. Asiposoma, mwaka huu tena atabaki nyumbani."

Régis akasema hakuna shida. Ndivyo alivyo: hata gari likiwaka moto, yeye atakuambia injini inajipasha moto tu.

Jumamosi aliwahi kufika kwa Bibi Sijaona, nyanya yake Raihana, aliyewapa watu wa bima ua wake wa kufundishia. Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wameshaanza kugonga mabati ya magari. Raihana alikaa kwenye mkeka, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, kitabu mapajani.

"Soma kidogo, tujiandae."

Mtoto akaanza, akiyumba mbele na nyuma. "Mbuzi wa Mariamu amekata kamba. Mbuzi wa Mariamu ameingia sokoni..." Sauti tamu, hakuna kukwama. Régis akatabasamu, akainama kutazama kitabu. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa baiskeli.

Tabasamu likabaki usoni, halina pa kwenda.

"Raihana, we unasoma namna gani?"

"Kama madrasa. We unasoma, sisi tunarudia, mi nashika." Akakipiga kitabu kofi la fahari. "Nimekishika chote, tonton!" Ndivyo watoto walivyomwita, yaani mjomba kwa Kifaransa.

Kumbe! Kila Jumamosi Régis alisoma kwa sauti, watoto wakaitikia kwa pamoja, naye akaenda zake kutafuta mishikaki akijiona profesa. Raihana alifanya kile anachofanya kila siku mbele ya ustadhi: kusikiliza, kurudia, kushika. Na ukikwama, unautazama mdomo wa ustadhi, anakudondoshea neno, unaendelea. Mtoto hakumdanganya mtu.

Régis alihisi shati linamganda mgongoni. Amwambie Madamu ukweli? Bado muda ulikuwepo. Lakini Bibi Sijaona akatoka ndani na sare ya shule aliyoazima kwa jirani, akaipima mabegani mwa mjukuu wake.

"Ona, mwanangu Régis. Imemutosha kabisa. Mungu akubariki."

Ukweli ukarudi tumboni. Nje, mlango wa gari ukafungwa.

"Ukiambiwa uchague," Régis akanong'ona haraka, "chagua mbuzi. Na ufungue ukurasa wa mbuzi, tafadhali!"

Madamu Danielle aliingia na dereva aliyebeba kitambaa kipya cha kampuni chenye maandishi makubwa, naye dereva akakitundika ukutani. Madamu akaketi karibu na mtoto. "Soma unapopenda, mama."

Raihana akafungua kwenye picha ya mbuzi. Mbuzi akakata kamba, akaingia sokoni, akala kabichi za watu, na mtoto hakukosa hata neno. Madamu akatikisa kichwa polepole kukubali. Régis akaanza kupumua.

"Na pale?" Madamu akaonyesha ukutani.

TUSOME PAMOJA, kitambaa kilisema. Hakuna aliyewahi kumsomea Raihana kitambaa hicho.

Nyundo za mafundi zikagonga ng'ambo ya barabara. Raihana akainua kidole, akachora kitu hewani.

"Ile ya kwanza... iko kwa Toyota. Pale kwa mafundi."

"Ehe," Madamu akasogea mbele. "Inasemaje?"

"T... Tu." Kidole kikatambaa. "Ile ya mviringo pia iko kwa Toyota. Tu... so..."

Kimya kirefu, kibaya, na Régis hakuwahi kukiweza kimya. Alijiona ameshasimama mbele ya ofisi nzima, wenzake wanacheka. Akamwona Raihana mlangoni, na sare ya watu ikirudishwa kwa jirani. Sema, mtoto. Sema!

Raihana akakwama, na kwa mazoea akageuza uso.

"Tusome pamoja!" mtoto akasema papo hapo, sauti tamu, bila kukwama.

Hakuna aliyepiga makofi. Madamu Danielle alikuwa ameyafuata macho ya mtoto, nayo yalikuwa yametua usoni pa Régis. Bibi Sijaona alisimama mlangoni na sinia ya chai.

"We Régis!" akasema. "Mutoto alikuwa anafika peke yake. Sasa Madamu atajua namna gani: amesoma ukuta, ao amesoma mudomo yako?"

Régis akataka kuapa kwamba hakufanya kitu. Lakini mdomo wake ulikuwa bado wazi, umeganda kwenye ile "ja" ya mwisho.