Mashimo ya Gertruda

Ildefonsi alikuwa mwepesi wa kusema, na kwa miaka miwili neno lake kwa mkewe, Gertruda, lilikuwa moja tu: mvivu. Alilisema nyumbani, akalisema mbele ya mama yake, na siku moja akalisema kilabuni, watu wakacheka. Kwao Umatengoni kilimo cha ngolo kina kazi mbili. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba kwenye mteremko. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Nyasi za Ildefonsi zilikauka zikingoja. Gertruda alichimba shimo moja, akakaa chini, akahema.

Machi hii miguu yake ilipovimba hadi kandambili zikakataa kuingia, ndipo Ildefonsi alipompeleka Mbinga mjini, kwa daktari wa moyo aliyekuja kwa wiki moja.

Gertruda hakuwa amekula tangu jana. Majirani walimwambia kipimo kinataka tumbo tupu.

"Mama, hiki cha moyo ungekunywa tu uji wako," alisema Dokta Eunice. "Hakuna sindano, hakuna umeme. Utavua blauzi, utalala ubavu wa kushoto. Nitakupaka jeli, ni ya baridi, na nitakukandamiza kidogo kati ya mbavu. Nusu saa hivi tunamaliza. Baba, kaa hapo umshike mkono."

Ildefonsi akaushika. Hakukumbuka aliushika lini mara ya mwisho.

Taa zikazimwa. Kwenye kioo cha mashine moyo wa mkewe ukatokea, mweusi na mweupe, ukifungua na kufunga kwa shida. Daktari akabonyeza kitufe, damu ikasikika ikipita, fwaa, fwaa. Ildefonsi alitamani kutazama pembeni, akashindwa.

"Anachoka hivi tangu lini?"

"Wiki mbili," Gertruda aliwahi kujibu. "Ni vumbi tu, dokta."

Alikuwa anamfichia mumewe aibu. Ildefonsi aliliona hilo. Angenyamaza, heshima yake ingebaki, na daktari angeandika uongo.

"Miaka miwili," alisema. "Mimi nilisema ni mvivu."

Daktari hakumkemea. Afadhali angemkemea.

Alimfuta Gertruda jeli, na jioni akawaita, akawaeleza. Mlango mmoja wa moyo uliharibiwa na homa ya utotoni. "Mngekuja mwaka juzi, Dar wangeutengeneza. Sasa moyo umetanuka mno. Picha nimewatumia wenzangu wa huko, nao wanaona hivyo hivyo, upasuaji hautauweza. Dawa zitapunguza maji mwilini. Jembe basi, mama."

Kesho yake Ildefonsi aliingia shambani na jembe la mkewe. Wanawake wa jirani wakasimama kumcheka, mwanaume mzima anachimba ngolo. Gertruda aliketi kwenye kigoda, amempakata binti yao, Edina.

"Udongo unautupa mbali, Baba Edina. Nyasi zimebaki wazi."

"Nionyeshe."

Alimweka mtoto chini, akachukua jembe, akapiga mara moja tu. Udongo ukalala juu ya nyasi pale pale ulipotakiwa. Kisha akaegemea mpini, akitafuta pumzi, naye Ildefonsi akamkimbilia na kumshika kiuno. Wanawake hawakucheka tena.

"Umeona?" Gertruda alisema. "Edina akikua, utamwonyesha wewe."