Safia wa Simuni

Kila Jumanne saa nne kasoro robo Kija alianza kuitazama simu ya dukani, na saa nne kamili ililia.

"Halo, Mwalimu Safia?" Sauti ya mama Mzungu aitwaye Marjatta ilimjia kutoka Ufini ikifuatwa na mwangwi wake.

"Ndiyo, Mama. Safia hapa," Kija alidanganya, jasho likimtoka kwapani.

Safia halisi alikuwa mpwa wa Bwana Suhaib, mwenye duka la simu na faksi mjini Mwanza, na Kija alikuwa mhudumu wa duka hilo. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, kila mwenye chumba kinachotazama barabara amegeuka mfanyabiashara. Faksi ilipoingia kutoka Ufini ikitafuta mtu aliyezaliwa na Kiswahili, wa kuzungumza simuni na mama anayejifunza lugha, Bwana Suhaib alijibu siku hiyo hiyo kwamba anaye, tena mzaliwa wa Tanga. Wiki iliyofuata Safia akaolewa Bukoba.

"Basi simuni utakaa wewe," Bwana Suhaib alimwambia Kija.

"Bosi, mimi Msukuma wa Magu. Kiswahili nimekikuta shule. Hizo ele na ele zinanichanganya."

"Umeona? Hata kuzitaja huwezi!" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Simu haina macho, lakini masikio inayo. Siku huyo mama akigundua kwamba wewe si Safia, mimi sikujui, na kazi huna."

Kija alijua vizuri maana ya kukosa kazi. Mwaka uliotangulia alipunguzwa kwenye kiwanda cha pamba, akarudi Magu na begi lake, akakaa miezi saba akitazamwa na shangazi zake kila alipochukua tonge. Hakutaka kurudi kule.

Kwa hiyo kila Jumanne alizungumza kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Neno lenye hatari alilizunguka. Hakusema "barabara", alisema "njia". Hakusema "mara kwa mara", alisema "kila siku", hata kama ni uongo. Mama Marjatta alimsifu kwa kusema taratibu. Laiti angejua!

Halafu Jumanne moja mama yule alisema kwa furaha kwamba anakuja Mwanza, ametumwa kuangalia uchaguzi. "Mwalimu, ile karatasi mtu anaweka ndani ya sanduku, mnaitaje?"

"Kula," alijibu Kija bila kufikiri, maana ulimi wenye haraka hurudi kwao. "Watu wanapiga kula."

"Kula," alirudia mama. "Kula ni siri. Kuhesabu kula. Vizuri?"

"Sawa kabisa, Mama."

Siku tatu baadaye Kija alikuwa akinunua vitumbua alipoinua macho akaona bango ukutani: KURA YAKO NI SIRI. Aliisoma ile R mara tatu. Kitumbua kikamwanguka. Alikimbia dukani kupiga simu Ufini, akaambiwa mama amekwisha kuondoka.

Kwenye uwanja wa ndege, Ilemela, alishuka mama mrefu mwenye nywele nyeupe, akamkumbatia Kija kwa nguvu. "Mwalimu Safia! Habali za asubuhi! Nimefulahi sana!"

Bwana Suhaib aliyekuwa amesimama kando alimgeukia Kija polepole. Aligusa sikio lake kwa kidole, basi.

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa makarani wa uchaguzi, Kata ya Nyamalunda, na mama alitaka mwalimu wake akae karibu naye. Ndani ya gari Kija alijikaza. "Mama, lile neno la kwenye sanduku. Siyo kula. Ni... ni kula."

"Ndiyo, kula," mama alikubali kwa kichwa.

"Hapana, Mama. Ku-la." Woga ulikuwa umeukaza ulimi kama gundi. Alijaribu tena kimya kimya, akatokwa na machozi, akageukia dirishani ili mama asimwone.

Ukumbini makarani arobaini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengi wao wakulima na walimu wa hapo hapo. Mbele yao alikaa Bwana Ndalahwa, msimamizi wa kata, na tumbo lake mapajani. Bwana Suhaib alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mama Marjatta akainuka.

"Shikamooni. Nimetoka mbali kuangalia kula. Najua hapa kula ni siri, lakini mimi nitaandika kila kitu. Nani anasimamia kula? Kuna mtu anataka kula mala mbili? Mwaka huu kula iwe safi."

Kija alifumba macho akisubiri kicheko. Alikwisha kuliona begi lake, na shangazi zake wamejipanga mlangoni.

Kicheko hakikuja. Alipofumbua jicho moja, aliona makarani wakiandika kwenye madaftari kwa utulivu. Hawa walikuwa watu wa kwao. Neno lile wao wenyewe walilitamka hivyo hivyo tangu wazaliwe, na walikuwa wamemwelewa mama vizuri kabisa.

Mmoja tu ndiye aliyesikia vingine. Bwana Ndalahwa alikuwa amesimama, shati limelowa.

"Mama, hizo karabai kumi sijazila," alisema. "Taa za kuhesabia ziko nyumbani kwangu, nimezihifadhi tu. Na zile kilo za sukari ya makarani, nazo zipo. Karibu zote."

Kalamu zote zikasimama. Karani mmoja mwanamke akauliza kwa sauti, "Kumbe sukali yetu ilikuja?" Hapo ukumbi ulilipuka.

Bwana Ndalahwa, alipotambua kwamba amejichoma mwenyewe, alitafuta wa kumrukia. "Nani amemfundisha huyu mama kuzungumza hivi? Asimame!"

Kija alimtazama Bwana Suhaib mlangoni, naye Bwana Suhaib alitazama dari. Angeweza kukaa kimya. Lakini mama wa watu alikuwa amesimama peke yake mbele ya kelele zile, akigeuza kichwa huku na huku kwa hofu, akimtafuta yeye. Kija akainuka.

"Mimi. Naitwa Kija binti Ngosha. Natoka Magu."

Mama Marjatta alimkodolea macho. "Kija? Na Safia?"

"Safia yupo Bukoba, Mama. Sijawahi kuwa Safia. Hata Kiswahili nilikikuta shule, kama wewe."

Kija alihesabu vigae vya sakafu, akafika kumi na tisa. Kisha akasikia kalamu ikikwaruza. Mama alikuwa amefungua daftari lake, lile la kila Jumanne, na pale juu alikuwa akifuta jina la Safia.

"Kija," alisema mama taratibu. "Nimetamka vizuri?"

"Sawa kabisa," alisema Kija, na safari hii hakudanganya. "Hilo halina ele wala ele."