Mlango wa Pikapu ya Pantaleo

Pantaleo wa Singe alikuwa ameapa: siku ya harusi ya binti yake Coletha, mlango wa pikapu ataufungua yeye mwenyewe, mbele ya wakwe, na hautapiga kelele. Gari la kukodi alilikataa katakata. Shida ni kwamba mvua za masika na vumbi la kiangazi vilishazimaliza bawaba. Mlango wa abiria ukifunguliwa, mbwa wa majirani waliitikia.

Akaenda mjini kwa Mikidadi, muuza spea, ambaye alimwekea makopo mawili juu ya kaunta.

"Baba Coletha, bawaba za nje paka grisi hii nyeupe, mvua haiisombi. Kwenye kitasa usitie grisi, itashika vumbi. Puliza hii nyingine, inakauka yenyewe."

"Mlango mmoja, makopo mawili?"

"Kila moja na kazi yake, mzee wangu."

Pantaleo akaaga kwa heshima, akaondoka mikono mitupu. Mtu aliyekamua madumu sita ya alizeti ya shamba lake mwenyewe akanunue mafuta! Mafuta yanayokaanga samaki wa ziwani yashindwe na bawaba? Basi kila jioni, wiki tatu mfululizo, alimimina alizeti kwenye bawaba na kitasa. Mlango ukanyamaza. Akaita majirani waje kuusikia ukimya huo, nao wakaja, wakasikiliza, wakala mihogo, wakaondoka wameridhika. Mkewe Kandida peke yake ndiye aliyegusa kitasa, akasugua vidole, akasema, "Hapa pananata." Akaambiwa wanawake hawajui magari. Wakati huohuo alizeti ilikuwa inapigwa jua, inakusanya vumbi, inageuka gundi taratibu.

Jumamosi Coletha aliingia garini kwa taabu kidogo. Pantaleo akayasingizia maua yaliyofungwa mlangoni. Vumbi la njiani likamalizia kazi. Mbele ya kanisa, wakwe wamejipanga, vigelegele vimepanda, Pantaleo akalizunguka gari, akavuta kitasa. Wapi! Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukanyagia ubavuni mwa gari. Wapi!

Vigelegele vikaishiwa pumzi. Kandida akajifunika uso kwa kitenge. Mikidadi, ambaye naye alikuwa amealikwa, akarukia bodaboda kwenda dukani kwake. Jasho likimtiririka, Pantaleo akainama dirishani, akamwona binti yake ndani ya shela, anacheka mpaka machozi. Hapo hapo, mbele ya watu wote wale, akajikuta anafurahi. Alifurahi kweli! Mlango ulikuwa umefanya jambo ambalo yeye, tangu siku ya posa, alishindwa hata kulitamka: ulikuwa umekataa kumtoa Coletha.

Mikidadi akarudi anahema, kopo mkononi. "Nipishe, Baba Coletha."

"Subiri kidogo," Pantaleo akanong'ona.

"Anasubiri nini tena?" wakwe wakaulizana.

"Baba," Coletha akasema kupitia kioo kilichoshushwa nusu, hacheki tena, "nifungulie."

Mikidadi akapuliza, wakangoja. Pantaleo akashika kitasa, akavuta, na mlango ukafunguka kwa wepesi ambao hakuupenda hata kidogo.