Kumi, Nne, Tatu

Ugomvi ulianza asubuhi kwa sababu ya alama ya kutoa, na Gloriose alikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Alikuwa akichagua maharage mbele ya nyumba yao ya mtaa wa Kasenga. Binti yake Alliance aliketi mlangoni, kompyuta mapajani, waya wa sola umepitishwa dirishani. Chuo kilifungwa tangu vita viliposhuka kwenye bonde la Ruzizi, na msichana hakutaka kukaa bure. Alikuwa akijifunza mwenyewe lugha ya kompyuta iitwayo J, inayochukua safu nzima ya namba na kuifanyia kazi kwa mkupuo mmoja. Alama zake ni nyingi kuliko maneno. Ukiitazama utadhani kuku amepita kwenye unga.

Alliance alimwita mama yake aone kitu. Aliandika namba changamano, 1j1, ambayo kwenye mchoro ni hatua moja kulia na hatua moja juu, kisha akaiomba mashini pembe yake. Ikatoka sifuri nukta saba nane tano, na tarakimu nyingine nyuma yake. Halafu akachukua moja, theluthi, moja ya tano, moja ya saba, na kuendelea hivyo safu ndefu isiyo na mwisho wa kuonekana, akaweka mbele yake alama moja tu ya kutoa yenye mkwaju, ule mstari ulioinama. Zikatoka tarakimu zile zile.

Gloriose aliacha maharage. Alikuwa na diploma ya hesabu na alifundisha pembe kwa miaka mingi. Alijua kwamba ukitoa, ukajumlisha, ukatoa, ukajumlisha, zile sehemu zinafika pale. Lakini hapa hakuona alama ya kujumlisha popote.

"Kujumlisha iko wapi?" aliuliza.

Alliance alimweleza kwamba haiko na haihitajiki. Mashini inaweka kutoa katikati ya namba zote, kisha inaanza kupiga hesabu kutoka mwisho, upande wa kulia. Kila kutoa kunageuza kilicho nyuma yake, kwa hiyo namba moja inatolewa na inayofuata inarudishwa. Akampa mfano mdogo: nane, tano, mbili. Mashini ikajibu tano, kwa maana ilianza na tano toa mbili.

"Nane toa tano ni tatu," Gloriose alisema. "Tatu toa mbili ni moja. Hata mtoto wa mwaka wa pili anajua. Ubaoni tunaanza kushoto."

"Mashini haianzie kushoto, mama."

"Basi iko inasema bongo, uongo mutupu."

Alliance alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomkera zaidi. Gloriose alimwambia aizime, akapeleka maharage motoni, na hawakusemezana tena.

Walikuwa bado wamenuniana askari walipoingia uani. Siku iliyotangulia bomu lilikuwa limeanguka karibu na mto Mulongwe, na sasa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta mtu aliyewaonyesha adui mahali pa kupiga. Mkubwa wao, ambaye wenzake walimwita chef Sévère, alikuwa mtu mwembamba asiyepaza sauti. Aliiona kompyuta mlangoni, bado haijazimwa, akaiinua, akatazama zile alama kwa muda.

Akauliza namba hizo ni za nini. Alliance, kwa vile hakuwa na la kuficha, alijibu kama alivyokuwa akijibu chuoni.

"Ni pembe, papa."

Askari mmoja aliyebeba bomba la kombora begani alilishusha chini taratibu. Gloriose mwenyewe angejibu hivyo hivyo. Miaka yote aliyofundisha pembe hakuwahi kufikiri kwamba mwenye kombora naye anaanza kazi yake kwa kupima pembe.

Chef Sévère alisema kwa upole kwamba msichana ataenda nao kambini. Mtaani walijua maana yake. Kijana wa jirani alichukuliwa hivyo hivyo kwa upole, na mama yake bado anaulizia.

"Minye niko mwalimu wa hesabu," Gloriose alisema, akisimama mbele ya binti yake. "Ile ni hesabu ya shule. Hata minye naijua."

Ilikuwa nusu ya ukweli, na yule mtu aliishika nusu hiyo mara moja. Kama wote wawili wanaijua, alisema, basi wote wawili watatoa jibu moja, na mashini italitoa pia. Yakilingana yote matatu, atawaacha na hesabu yao. Akamwamuru Alliance aandike ile alama ya kutoa na mkwaju wake, kisha kumi, nne, tatu, asibonyeze kitu kingine. Halafu akamtuma nyuma ya nyumba pamoja na askari.

"Mwalimu, itajibu nini?"

Tatu, ulimi ulitaka kusema. Kumi toa nne, toa tatu. Maisha yake yote yalisema tatu. Lakini mashini haianzii kushoto. Gloriose alifumba macho akaanza mwisho, kama mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume. Nne toa tatu, moja. Kumi toa moja.

"Tisa," alisema, na aliona haya kana kwamba ametamka tusi mbele ya darasa.

Alliance akarudishwa. Gloriose alimkazia macho, lakini binti hakumtazama mama. Alikuwa akitazama ardhi, na midomo yake ilisogea kidogo kama anayehesabu.

"Tatu," Alliance alisema.

Gloriose alipigwa na butwaa. Mtoto anayeijua mashini kuliko mtu yeyote pale amejibu tatu. Kisha akaelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko hofu. Alliance hakuwa amekosea. Alimjua mama yake kuwa mbishi, akaamini kwamba atang'ang'ania jibu la ubaoni, akaliacha lake ili yao yafanane.

Chef Sévère alibonyeza. Tisa ikatokea kwenye kioo.

Aliitazama ile tisa, kisha msichana, kisha mama. Alionekana kama mtu aliyekaribia kudanganywa.

"Ule mutoto hajue kitu," alisema. "Ni weye mama iko unaijua."

Alliance alifungua kinywa. Gloriose alimwahi.

"Mashini iko yangu," alisema. "Yeye anasikilizia tu muziki. Nilimwambia akiulizwa ajibu kama ni yake, akakubali, hana akili."

"Mama, hapana."

"Nyamaza. Ninapozungumza na watu wazima unanyamaza." Alilisema kwa sauti ya darasani, sauti ambayo Alliance hakuwahi kuishinda tangu utoto, na hata sasa ilimfunga mdomo. Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka shingoni. Gloriose alijifunga kitenge upya, akalikaza fundo. "Maharage yataungua. Yaepue. Halafu uende kwa shangazi yako Kankindi, usinisubiri hapa."

Alipanda gari la askari mwenyewe, bila kusukumwa. Hakugeuka nyuma, kwani angegeuka, uso wake ungesema kila kitu.

Chef Sévère aliketi mkabala naye, kompyuta mapajani, kama Alliance asubuhi ile. Gari likaanza kuteremka. Akasema kutoa ameshakuelewa, sasa amweleze pembe, na amweleze vizuri.

Ubao wa gari ulikuwa umejaa vumbi. Gloriose aliweka kidole juu yake. Akavuta mstari hatua moja kulia, kisha hatua moja juu.