Msomaji wa Saa Kumi Alasiri

Saa kumi kasorobo mkutubi alipangusa meza ya dirishani, akatandika gazeti la jana juu ya kiti ili masizi yasishike mto. Saa kumi kamili mkewe aliingia. Alikuwa amevaa aproni ya kiwandani, ile ile aliyokufa nayo miezi mitano iliyopita, na nywele zake zilinuka moshi. Aliwasalimu wasomaji, wakaitikia.

"Kitabu cha saba kimerudi?" aliuliza.

Kilikuwa kimerudi. Alikisomea pale pale ukumbini, kwa kuwa kadi yake ya kuazimia vitabu ilikuwa imefutwa. Aliyeifuta ni mumewe mwenyewe, siku ya tatu baada ya mazishi, kwa wino mwekundu, maana taratibu ndivyo zinavyotaka na yeye si mtu wa kuchezea taratibu. Jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko alivyopenda kusema.

Vitabu vyenyewe vilikuwa kumi na viwili, vyote vya mpelelezi mmoja aliyekufa kwa kukwamwa na mwiba wa samaki katika sherehe ya kustaafu kwake, akakataa kustaafu. Msaidizi wake ni jini anayeendesha lifti ya jengo la serikali na anayeogopa kwenda juu. Kila kitabu kina maiti mpya, kila maiti hueleza nani kaiua, na ukurasa wa mwisho mwovu hutiwa pingu huku jini akitapika kwa kizunguzungu. Enzi za uhai wake mke wa mkutubi alivisoma kwa kuibia, kitabu kikiwa mapajani chini ya cherehani. Sasa alikuwa na nafasi, na alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Wasomaji wawili walishitaki kwa maandishi kwamba anapiga kelele, basi akawa akizidiwa anang'ata aproni.

"Huyu mwandishi ni mzima bado," alimwambia mumewe siku moja, akifuta machozi ya kicheko. "Anadhani ukifa ndiyo unasikilizwa."

Alijua anachokisema. Msimamizi wa kiwanda chao cha sare alikuwa na desturi ya kuutia kufuli mlango wa nyuma kila baada ya chakula cha mchana, ili mafundi wasichomoke kabla ya saa. Moto ulipoanza kwenye marobota ya vitambaa, msimamizi alikuwa nje na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Ripoti ikaandika kwamba marehemu alitoka salama, kisha akarudi ndani kwa hiari yake kufuata mkoba. Mkoba siku hiyo aliusahau nyumbani, ukining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, mkutubi alikuwa amempeleka mkewe ofisi ya usalama kazini. Afisa aliwapa viti. Mkewe alieleza yote, hadi rangi ya kufuli.

"Sitaki mtu afungwe," alimaliza. "Napita pale kila siku nikienda kusoma. Kufuli lipo vile vile na wenzangu wamo ndani. Ule mlango tu ufunguliwe."

Afisa alijaza kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, halafu akaweka kalamu chini.

"Mama, maelezo yako yamenyooka. Shida ni kwamba marehemu ni wewe. Una maslahi katika jambo hili."

"Na msimamizi hana?" mkutubi aliuliza.

"Yeye hakufa, bwana."

Mkutubi akamtolea mkoba. Afisa aliugeuza geuza, akasema ni mzuri, lakini hauwezi kutia sahihi.

Msimamizi naye alikuwa mpenzi wa vitabu hivyo hivyo, na katika daftari la wanaosubiri jina lake ndilo lililofuata. Alasiri hiyo ya kitabu cha saba alikuja akasimama kando ya meza ya dirishani, akichezea funguo mfukoni.

"Shemeji, umebakiza nyingi?"

"Kurasa mbili."

"Tafadhali usiniambie nani kaua."

"Sikuambii. Ila fungua ule mlango."

"Tutaliangalia," alisema msimamizi, akavuta kiti akasubiri.

Mkutubi alimgongea muhuri wa siku kumi na nne. Muhuri ulikaa upande, na yeye akaomba radhi. Alijichukia kwa radhi ile wiki nzima.

Siku ya kurudisha, saa tisa na nusu, simu ya mezani ililia. Msimamizi aliomba aongezewe wiki moja, kwa sababu kazini kumetokea msukosuko kidogo. Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wakiita majina. Kanuni inaruhusu kuongeza mara moja. Mkutubi alimwongezea.

Saa kumi mkewe aliingia na wanawake watatu waliovaa aproni kama yake, nywele zikinuka moshi, mmoja bado ameshika mkasi. Waliwasalimu wasomaji, wakaitikia. Mkutubi alitaka kuuliza kuhusu mlango, lakini akatazama kucha za yule mwenye mkasi, zilivyochunika. Alikwenda ofisini kuleta viti, na huko akalia kidogo.

Aliporudi, mkewe alikuwa amekitoa kitabu cha kwanza rafuni na kukiweka katikati ya meza. Wote wanne walikiinamia.

"Dada," aliuliza mdogo wao, "mwishoni anakamatwa?"

"Humu anakamatwa," alisema mke wa mkutubi, akafungua ukurasa wa kwanza.