Shahidi wa Vidonge vya Mama

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimewahi kumfukuza mwizi wa majani chai kwa jembe, na mume wangu Omosa, anayefanya kazi ya zamu kiwanda cha chai, husema ulimi wangu peke yake unatosha kulinda boma. Lakini tangu mama mkwe wangu alipopata nafuu, naogopa hata mtu akipiga hodi mchana.

Mama, jina lake Bitutu, alianza kusahau kidogo kidogo. Kwanza sufuria motoni, halafu njia ya kutoka sokoni Ogembo, mwisho mimi, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Hapa kwetu Itumbe mwanamke mzee akianza kuzurura na kuzungumza peke yake, watu hawasemi anaumwa. Wanasema ni omorogi, mchawi, na wapo waliochomwa wakiwa hai kwa neno hilo. Kwa hiyo kampuni changa ya Nairobi ilipokuja na dawa yake mpya ya kumeza, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nilitaka mtu aliyesoma aseme mbele ya watu kwamba Mama ni mgonjwa.

Walitueleza kwamba ni jaribio. Wengine wangemeza dawa, wengine unga mtupu ndani ya kidonge kinachofanana, na hata Firdaus, mfanyakazi wao aliyetuletea vidonge, binti wa muuza vitambaa wa Kisii mjini, hakujua nani anameza nini. Awamu ya kwanza ikiisha, wangeendelea na wale tu walioonyesha nafuu. Na kwa kuwa mgonjwa wa aina hii hawezi kujiamulia peke yake, walitaka shahidi: mtu wa kuheshimika, asiye wa familia, awepo kila anapopimwa na atie sahihi.

Nani mwingine kama si Ochoki, jirani yetu na mzee wa kanisa? Nilimwendea mwenyewe. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Sabato iliyofuata alisimama kanisani akasema huu ni ugonjwa kama malaria, na mtu yeyote asimguse Bitutu. Nililia kwa shukrani.

Asubuhi moja, Mama akiwa ameshaanza vidonge, nilikuwa nachambua mboga Mama akanitazama.

"Kemuma, hiyo chinsaga utaiweka maziwa, ama utachemsha tu kama mtu hana ng'ombe?"

Alikuwa ametaja jina langu, tena kwa dharau yake ya zamani. Nilicheka hadi machozi.

Siku ya kupimwa ilipofika, Ochoki aliketi kwenye kochi na kikombe chake cha chai. Firdaus aliuliza siku, mwezi, majina ya wajukuu. Mama alijibu yote bila kukosea.

"Sasa shosho, niambie kitu ya zamani. Yoyote tu."

"Nakumbuka siku walichoma Kerubo," Mama akasema. "Kerubo alikuwa anasahau njia ya nyumbani, kama mimi. Wakasema ni omorogi. Walikuja mchana watu wakiona, na mbele yao alikuwa..."

Aliinua macho, yakakutana na ya Ochoki. Kikombe cha mzee kilikuwa kimesimama katikati ya meza na mdomo. Nikamwona Mama akilegea, midomo ikibaki wazi.

"Mbele alikuwa nani, shosho?"

"Mbele ya wapi? Wewe ni mtoto wa nani? Umekula?" Kisha akamwelekeza Ochoki kidole. "Na huyu mwanaume? Amekuja kununua ng'ombe?"

Tangu hapo hakujibu swali hata moja sawasawa. Firdaus aliandika kwa huzuni. Ochoki akatia sahihi, mkono wake umetulia kabisa.

Nilipokuwa nampeleka Mama msalani, nyuma ya migomba, alinishika mkono kwa nguvu.

"Ni yeye alibeba petroli," akanong'ona.

"Ochoki?"

"Usitaje jina. Amekaa na mimi vizuri miaka hiyo yote juu nilinyamaza. Polisi walikuja wakauliza, na hakuna mtu aliona kitu. Sasa anajua mdomo yangu inaweza kufunguka."

 Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo nilikuwa nimemvalisha Mama mimi mwenyewe.

"Nitamwambia Firdaus, Mama."

"Umwambie nini? Ataandika nimepona, na mwenye kuweka sahihi ni nani?"

"Lakini wakiona huna nafuu watakunyima dawa."

"Najua, mokamwana, mke wa mwanangu. Naogopa moto kuliko kusahau."

Omosa sikumwambia. Hasira zake nazijua. Angechukua panga na kwenda, na tungezika watu wawili. Basi tukaishi hivyo. Jikoni Mama alikuwa mzima, akinisimulia mambo hadi ugali unaungua. Firdaus akija, na shahidi wake nyuma, Mama alikuwa hajui hata jina lake mwenyewe. Nilikuwa nikimtazama, nikiomba asijisahau akajibu vizuri.

Awamu ilipoisha, Firdaus alikusanya vidonge vilivyobaki, akavitia mkobani.

"Pole, Kemuma. Kwake haikufanya kazi. Pengine alikuwa anameza unga."

Nilitamani kumpokonya ule mkoba. Lakini Ochoki alikuwa amesimama mlangoni, nami nikasema asante.

Kusahau kulirudi. Sijui ni siku gani Mama aliacha kuigiza na ugonjwa ukaendelea pale alipoishia yeye. Nilikuwa nikimwambia jikoni, "Mama, tuko peke yetu," naye ananitazama kwa adabu, kama mgeni.

Jana alasiri Ochoki alikuja na mkungu wa ndizi. Mama alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili, akamwita kaka yake, akamsihi asiondoke bila kula. Alifurahi kweli. Hiyo ndiyo iliyonitia baridi.

Nikaandaa ugali. Mzee akaketi karibu naye, akauliza polepole, "Bitutu, unakumbuka Kerubo?"

"Kerubo ni nani?" Mama akacheka.

Ochoki aliitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Kemuma. Wakati ule wa dawa mlikuwa mnashinda jikoni wawili tu. Alikuwa anakuambia nini?"

"Hakuniambia kitu, mzee," nilisema, na sauti haikutoka kama yangu.

 Alikula akamaliza, akanawa mikono, akaniuliza Omosa yuko zamu gani kiwandani wiki hii.